Mashine ya Elfu Themanini na Tisa

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye. Tuliseme hili mapema tusije tukasumbuana mbele ya safari. Hakuwa karani, haikuwa kampuni, hakuwa hata yule bwana wa kwenye simu mwenye sauti laini kama sabuni ya maji. Mjinga alikuwa Dobi mwenyewe, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, aliyevunja karo lake la kufulia kwa nyundo kabla mashine ya kufulia haijafika. Ukimuuliza leo hakatai. Anacheka kwanza, anajikuna kisogo, halafu anasema kwamba mtu aliyetembelewa na bahati mara moja tu maishani mwake haanzi kuikagua viatu mlangoni.

Saa moja asubuhi ya Ijumaa hiyo alikuwa uani, ameinama juu ya furushi la gesti, anatenga mashuka. Mashuka ya gesti yana uzi mwekundu kwenye pindo. Ya mwalimu wa sekondari yana uzi wa kijani, na ovaroli za gereji zina uzi mweupe, ili angalau kitu kimoja juu yake kionekane kisafi. Nyuzi hizo hushonwa na mkewe kwa mkono, mishono mitatu tu kwa kila nguo, maana namba za kalamu hufutika, na mama huyo alishaamua zamani kwamba dobi anayechanganya nguo za watu ni mwizi tu, ila ni mwizi anayerudisha kitu.

Kwa kawaida gesti huleta mashuka ishirini. Siku hiyo yalikuwa arobaini, na mablanketi sita juu yake, na yote yalitakiwa saa kumi jioni bila kukosa kwa sababu kulikuwa na wageni wa semina. Aliyeomba mzigo uongezwe ni Dobi. Alimfuata mwenye gesti Alhamisi, kifua mbele, akamwambia alete hata mapazia akipenda, kuanzia kesho mambo yatakuwa mengine.

Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti wao wawili wanaofanya kazi mbali, alikuwa tayari ameketi juu ya kigoda katikati ya mabeseni matatu. Huko kuketi chini ndiko kulikokuwa kugeni. Karo lile Dobi alilijenga mwenyewe kwa tofali na saruji, kimo cha kiuno, makusudi ili mkewe afue akiwa amesimama. Sasa mahali pake palikuwa na vitalu vinne vya saruji vimepangwa mraba, vimepimwa kwa pima maji, na kifusi kimefagiliwa pembeni kama vile wanategemea ugeni. Uani pote hapakuwa na kona nyingine yenye bomba karibu na dirisha la kupitishia waya wa umeme. Basi Jumatano Dobi akachukua nyundo. Mkewe alipouliza, akajibiwa kwamba karo lilikuwa na ufa, litajengwa upya. Mama Pacha alimtazama vile mtu anavyomtazama mtoto anayesema hana usingizi huku kichwa kinaanguka, akaenda kutafuta mabeseni.

Yote haya chanzo chake ni mikono. Miaka ishirini na tatu ya magadi na dawa ya madoa ilikuwa imekula ngozi katikati ya vidole vya mama huyo mpaka ikapasuka, na kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kikivimba kila alipokamua kitu kizito. Daktari alimwambia aitoe mikono kwenye maji miezi miwili. Mama Pacha akamuuliza kwa adabu kama na sufuria nayo ipumzike miezi hiyohiyo, au daktari ataiandikia cheti. Walicheka wote watatu mle chumbani. Lakini tangu siku hiyo Dobi alianza kuona mambo ambayo hakuwa akiyaona. Aliona kwamba mkewe humimina chai kwa kushika birika kwa mikono miwili. Aliona kwamba chumvi humwagwa kwenye chungu kwa kijiko, si kwa vidole tena.

Jumanne, siku moja kabla ya nyundo, akisubiri pasi ya mkaa ishike moto, alikuwa ameshika simu ya mkewe, ile ya kupangusa waliyoletewa na mabinti; yake yeye ni ya kitochi, haijui duka wala picha. Ndipo ilipotokea. Mashine nyeupe ya kufulia, kilo kumi, inayokamua yenyewe, na pembeni mwanamke anacheka meno yote nje. Punguzo kubwa. Elfu themanini na tisa. Dobi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati la mteja, akaivaa tena. Elfu themanini na tisa. Ndani ya kibubu chao mlikuwa na zaidi kidogo ya hizo. Akakitoboa kwa chini, akaenda kwa wakala, akarudi, akabonyeza palipoandikwa Nakubali, na baada ya dakika moja ukaja ujumbe unaompongeza: oda imethibitishwa, malipo yamepokelewa, mzigo utafika Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma barua yoyote ya uchumba.

Ijumaa saa mbili kasorobo simu ikalia mfukoni mwake. Siku zile alikuwa akiiazima simu ya mkewe kwa visingizio vinavyozidi kuwa vyembamba. Aliusoma ujumbe akiwa amesimama, shuka limemning'inia begani.

Mpendwa mteja. Walisikitika kumjulisha kwamba oda imefutwa kutokana na hitilafu ya bei kwenye mfumo. Fedha zitarejeshwa ndani ya siku saba hadi kumi na nne za kazi. Kwa usumbufu uliotokea, wanampa kuponi ya punguzo la asilimia tano katika ununuzi wake ujao.

Dobi alivitazama vitalu vyake vinne. Akamtazama mkewe, aliyekuwa akikamua shuka la kwanza kwa kulizungushia mkono wa kushoto ili wa kulia usiumie. Akasema anakwenda kununua sabuni.

"Sabuni ipo," mkewe alisema.

"Ya unga."

"Hiyo ya unga ndiyo ipo."

Akaondoka hivyohivyo.

Kampuni hiyo duka lake lilikuwa ndani ya simu, ila ilikuwa na kituo kimoja cha kuchukulia mizigo, chumba cha vioo chenye viti vya plastiki na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Alikuta foleni. Watu kumi na kitu, kila mmoja na simu yake mkononi, wakitazamana kwa aibu ya pamoja kama wanafunzi walionakili jibu moja. Mbele alikaa binti mwenye vifaa vya kusikilizia kichwani. Alimsikiliza Dobi mpaka mwisho, jambo ambalo lilimfariji kabla hajajua halina maana, kisha akamwomba namba ya simu, akaibonyeza, akamwambia kwamba oda hiyo ni ya mama fulani. Yeye ni nani?

Dobi akasema ni mume wa huyo mama. Binti akasema anaamini kabisa, ila mfumo hautambui waume. Unatambua mwenye laini. Hawezi kujadili oda ya mtu na mtu mwingine. Dobi akamuuliza, pesa zilipopokelewa mfumo uliuliza zimetoka mfukoni kwa nani? Binti akatazama huku na huku, akashusha sauti. Alisema tangu asubuhi ameshatukanwa na watu thelathini na mshahara wake ni uleule. Halafu akaigeuza skrini yake kidogo, kidogo tu, Dobi akaona mashine yake. Mwanamke alikuwa bado anacheka. Chini yake waliandika laki nane na tisini.

"Sifuri moja, mzee," binti alisema taratibu. "Kuna mtu alisahau sifuri moja. Nenda ofisi ya kumlinda mlaji, jengo la halmashauri, ghorofa ya pili. Usiseme nimekutuma mimi."

Ofisi ya kumlinda mlaji ilikuwa imefungwa, maana wahusika walikwenda kunywa chai. Mlaji aliyekuwa akilindwa saa hiyo alikuwa karani mwenyewe. Dobi akasubiri kwenye benchi, anahesabu mashuka kichwani. Mkewe akifua mawili kwa dakika kumi na tano. Akiwa na mikono mizima. Saa tano kasoro karani akarudi, bwana mnene mpole, akafungua daftari kubwa na kuuliza risiti yenye muhuri iko wapi.

"Walinitumia ujumbe," Dobi alisema.

"Ujumbe hauna muhuri."

"Wao hawana muhuri, bwana mkubwa. Wana mtandao."

"Basi wakuandikie barua kwamba hawana muhuri." Karani alifikiri kidogo, maana alikuwa mtu makini. "Na barua hiyo igongwe muhuri. Nakala tatu."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alivuta ile simu, akaushusha ukurasa wa masharti ambao Dobi hakujua kama una mwisho, akamwonyesha kifungu cha kumi na nne: kampuni inaweza kufuta oda wakati wowote kabla ya kukabidhi mzigo. Akamwonyesha na cha kumi na tano, kwamba mteja hawezi kufuta baada ya saa moja. Dobi akauliza ni sheria gani hiyo, mlango unaofunguka upande mmoja. Karani akasema hiyo si sheria, ni makubaliano. Dobi mwenyewe alibonyeza. Sheria ipo, inasema bei iliyotangazwa iheshimiwe, na ni sheria nzuri tu, lakini ili iamke inahitaji hiyo risiti yenye muhuri, na kikao cha wajumbe, na wajumbe hawajakaa tangu mwaka juzi kwa sababu ya posho.

Kisha akavua miwani akamuuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Lakini mzee wangu, tuachane na vifungu. Kweli hukujua kwamba ile bei ni kosa?"

Dobi aliichukua simu mezani, akaitia mfukoni. Akashukuru, akashuka ngazi.

Njia nzima swali lile lilitembea naye. Alijua? Hakujua? Bei za vitu siku hizo zilikuwa zimepoteza adabu. Sabuni ya mche iliyokuwa ikiuzwa kwa bei moja Januari, Machi ilikuwa ndogo zaidi na ghali zaidi, na hakuna mtu aliyemtumia ujumbe wa kusikitika. Mkaa ulipanda mara tatu mwaka huo. Alipomuuliza muuzaji, aliambiwa bei ndiyo hiyo, mzee, chukua au acha. Kwa hiyo bei ikiwa juu kupita akili huwa ni soko, na ikishuka kupita akili ni hitilafu. Aliyapanga maneno hayo vizuri sana, ila alikuwa ameyapata kwenye ngazi, karani akiwa keshafunga daftari.

Alipofika nyumbani ilikuwa saa sita na nusu. Kamba zote zilikuwa zimejaa mashuka meupe, na nyingine mkewe alikuwa ameifunga kutoka dirishani mpaka kwenye nguzo ya jirani. Jirani huyo wanamwita Redio kwa sababu hahitaji kuwashwa. Alikuwa hapo ukutani, ameegemea, anamalizia habari za shemeji yake aliyeagiza mashine tatu za kufulia kwenye simu kwa bei ya bure ili aziuze, na asubuhi hii wote waliokuwa na tamaa kama yake wamefutiwa, wajinga wale, hata aibu hawana. Alipomwona Dobi akaacha kusema, jambo ambalo halijawahi kuripotiwa, akaingia kwake.

Kwa mguu Mama Pacha alimsogezea mumewe kigoda cha pili. Dobi akavua shati, akaketi, akatia mikono majini. Walifua hivyo kwa muda, yeye anasugua, mkewe anasuuza.

"Kibubu nimekishika leo," mkewe alisema mwishowe. "Chepesi kama ahadi."

"Zitarudi. Siku kumi na nne za kazi."

"Na karo? Nalo litarudi siku za kazi?"

Dobi akasugua shuka lililokuwa safi tayari. Halafu akaeleza lote, tangu ile pasi isiyoshika moto mpaka kile kifungu cha kumi na nne, na hakujiremba. Alipofika kwenye swali la karani akaacha kusugua.

"Nilijua imekaa vibaya, mama," alisema. "Nilipoifuta miwani nilijua. Ila nikasema moyoni, watu wengine hukosewa kwa faida yao kila siku. Labda na sisi. Mara moja tu. Sikutaka kuuza mimi. Nilitaka uinywe chai yako hapo kivulini huku inazunguka, uitazame tu."

Mama Pacha aliendelea kusuuza. Aliinua shuka, akampa ncha moja, wakalikamua kila mmoja kwa upande wake, yeye akizungusha kulia na mumewe kushoto, mpaka maji yakakoma.

"Yule mwanamke wa kwenye picha," alisema, "ulidhani anakucheka au anakuchekea?"

"Nilidhani ananichekea."

"Baba Pacha wewe." Akatikisa kichwa, na kwa mgongo wa mkono wenye mapovu akamfuta mumewe jasho la paji la uso, ikawa amempaka sabuni badala ya kumfuta. "Ungeniambia ningekwambia usivunje karo mpaka uione. Kuagiza ningekuruhusu. Hata mimi ningeifuta miwani."

Saa tisa yalikuwa yamebaki mashuka manane na mablanketi mawili, na kifundo cha mama kimevimba kama kimechovywa hamira. Dobi alikuwa akimkataza asiguse mablanketi, naye akimkataza asimkataze, ndipo simu ikalia juu ya kile kitalu cha saruji. Alikuwa bwana wa kampuni. Alijitaja cheo, akasema simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, akaomba kuzungumza na mwenye laini.

Mwenye laini mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya blanketi. Dobi akapiga magoti karibu yake, akaweka simu kwenye sauti ya nje, akamshikilia sikioni hata hivyo, kwa mazoea. Mapovu yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Bwana yule alikuwa fundi wa maneno. Alimpa pole mama kwa usumbufu. Alieleza kwamba wateja mia tatu na zaidi wameathirika, na kampuni inawathamini wote. Sasa, ili fedha zianze safari ya kurudi, kilichobaki ni jambo dogo sana: mama atamke kwa sauti kwamba amekubali oda ifutwe na ameridhika na huduma aliyopewa. Maneno mawili tu. Asipoyatamka, jalada lake litapelekwa kwenye uchunguzi, na uchunguzi una taratibu zake, unaweza kuchukua hata miezi mitatu.

Dobi alimgusa mkewe bega. Akamnong'oneza aseme tu. Nimeridhika, basi, yaishe, wapate hizo hela wanunue saruji, kesho kutwa karo limesimama. Mkewe akamtazama, wala hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayepima nguo ya mteja kwa macho kabla ya kuipokea.

"Nimeridhika na nini, mwanangu?" alikiuliza kile kisimu.

"Na huduma, mama."

"Nililipa. Mkapokea. Mkasema hongera. Huduma niliyopewa ni ipi hapo?"

Bwana akacheka kidogo, kicheko cha kazini. Alisema anamwelewa sana mama, hata yeye ana mama, lakini tuwe wakweli: bei ile ilikuwa makosa dhahiri, na mtu mwenye busara angeliona hilo. Na kwa kweli hakuna mtu pale kampuni aliyekusudia vibaya. Hakuna hata mtu aliyekosea, ukitazama vizuri. Ni mfumo. Mfumo ulikosea, mama, na mfumo hauna moyo. Kwa hiyo tusaidiane, atamke tu, aokoe muda wake na wa kampuni.

Mama Pacha aliitoa mikono ndani ya blanketi, akaitazama pande zote mbili, akainama karibu na simu ili wanaorekodi wasikose kitu.

"Mwanangu, mimi ni dobi. Shati lako likiungua hapa kwangu nalilipa, na wala sikupigii simu useme umeridhika, eti kwa sababu iliyokosea ni pasi."